Kilemba na Neno Moja

Nina kitendawili ambacho nimewatega wajukuu wangu wote saba, na mkubwa peke yake ndiye aliyekitegua. Ana tumbo la shaba na mdomo uliofungwa kwa ngozi. Haoi wala hazai. Ukimpiga ananguruma, na siku akipasuka tunamchimbia kaburi kama binadamu. Nani huyo?

Ni ngoma yetu ya hekaluni. Mwanangu Kesavan ameipiga tangu ndevu zake hazijaota, na kaka wa mama yangu aliipiga kabla yake. Mimi hukaa pembeni ya ngoma hiyo, juu ya kitambaa changu, na matoazi mkononi: mapacha wawili ambao wasipogombana hawasemi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nije nijifunze kugombanisha hao mapacha, na sijajuta sana.

Anayesema ni Chakyar, msimulizi wa hekalu. Anasimama mbele ya taa kubwa ya shaba, kilemba chekundu kichwani, sikio moja lina pete na jingine limechomekwa jani la tambuu. Sharubu lake la masizi upande mmoja linapanda na upande mwingine linashuka. Kwanza anatoa shairi kwa lugha ya zamani, kwa sauti ya kuvuta. Halafu analivunja neno moja moja, kama mtu anavyobangua korosho, na kulieleza kwa lugha yetu ya nyumbani. Hapo katikati ndipo anapowageukia watu waliokaa chini na kuwasema. Kuhani, tajiri, bwana harusi wa juzi, hakuna anayepona. Unasemwa mbele ya wakwe zako na unameza.

Kumeza ndiyo desturi. Cheka ukitaka, lakini usijibu. Hata akikuuliza jina lako, usijibu. Mtu mmoja akijibu neno moja tu, Chakyar anakatiza palepale alipofika, anavua kilemba, anakiweka chini karibu na taa, na yeye pamoja na nyumba yake yote hawasimulii tena kwenye hekalu lile mpaka dunia iishe. Si hadithi ya kutishia watoto. Liko hekalu ng'ambo ya mto ambako, zamani za mama yangu, mwanamume mmoja aliyesemwa kuhusu ng'ombe wake alisema, "Si kweli." Maneno mawili. Ule ukumbi leo wanakaa popo, na watu wanatunzia humo masufuria ya sherehe.

Sasa mume wangu, Achyutan, alikuwa Chakyar wa hekalu letu kwa miaka thelathini na sita. Akaanza kupoteza vitu. Alianza na miwani, akafuata majina ya watu, halafu njia ya kwenda kwa kinyozi. Asubuhi moja, nampa uji wa wali, akanishukuru kwa heshima kubwa na kuniuliza, "Mama, wewe ni wa nyumba gani?" Nikamwambia, "Ya kwako. Kunywa uji." Lakini mashairi hakupoteza hata moja. Unaweza kumwamsha usingizini ukamtajia mwanzo, akakupa mwisho.

Kwetu watoto hufuata upande wa mama. Ndiyo maana Kesavan, mwanangu, ni wa ngoma, na kilemba kilikwenda kwa mpwa wa mume wangu, Sridharan. Mume wangu alimlea kijana huyo tangu akiwa na miaka saba. Alimsimamisha bwawani alfajiri, maji yakimfika kifuani, ampigie kelele ukuta wa mawe wa upande wa pili mpaka ukuta umrudishie sauti yake yote bila kupungua. Alimnywesha samli. Mchana alimkalisha barazani amtolee mashairi, na yeye Achyutan amekaa kwenye kiti cha kamba anakuna goti. Ukikosea hakugombi wala hakuelezi ulipokosea. Anasema, "Tena." Nawe unarudi mwanzo kabisa, hata kama ulikuwa umebakiza neno moja. Ukipatia hakusifu. Anakuna goti.

Neno hilo nimelisikia kwenye nyumba yangu miaka ishirini. Nikiwa nakuna nazi, tena. Nikiwa naumwa uchungu wa mtoto wa tatu, chumba cha nyuma, tena.

Sasa sikilizeni lililotupata mwaka ule Sridharan aliposimama peke yake kwa mara ya kwanza. Usimulizi wetu ni wa alasiri saba. Alasiri mbili zilikwisha salama. Ya tatu ndiyo ilikuwa na shairi la mfalme anayerudi kutoka vitani, anafungua mlango mmoja baada ya mwingine, na nyumba haina mtu. Lile shairi mume wangu aliliita ngazi nne, kwa sababu sauti inaanza juu na kuteremka mara nne, kama mtu anashuka bwawani, kwa pumzi moja. Ngazi ya nne iko chini sana, karibu na kunong'ona, lakini mtu aliyekaa nguzo ya mwisho lazima aisikie kama ameambiwa yeye. Mume wangu aliiweza. Sridharan hakuiweza hata siku moja. Alikuwa akiiba pumzi kwenye ngazi ya tatu, kidogo tu, kama mtu anayeonja mchuzi jikoni kwa mwenziwe.

Asubuhi ya siku hiyo alikuja jikoni kwangu, nywele bado zinadondosha maji.

"Mkazamjomba," akasema, "mjomba leo atakuja?"

"Nitamwacha kwa jirani. Kalyani ana mbegu za fenesi za kumenya, kikapu kizima. Atakaa naye."

"Na akija?"

"Nimesema nitamwacha."

Akakaa, akasimama, akachungulia chungu ambacho hakikuwa na kitu. "Nikiliruka lile shairi?"

"Ukiliruka ndiyo atalidai," nikamwambia. "Hilo ndilo atakalolidai kwa sauti kubwa zaidi."

Kesavan alikuwa mlangoni anapaka ngozi ya ngoma maji. "Mimi nina dawa," akasema. "Ukifika ngazi ya tatu nipige ngoma, grrrum, uvute pumzi utakavyo, uvute hata ya kesho."

"Mfalme anaingia nyumba tupu, wewe unapiga radi?" Sridharan akamwuliza.

"Imeanguka bakuli jikoni."

"Nyumba tupu, bakuli linaangushwa na nani?"

"Paka," akasema Kesavan. "Mfalme hakuacha hata paka?"

Nilicheka, lakini mikono yangu haikucheka. Nilijikuta nimeosha mchele uleule mara tatu. Mjue kilichokuwa kinaniwasha: mume wangu akiwa amekaa chini kati ya watu, mkono kwenye goti, halafu pumzi ya wizi, halafu lile neno moja. Nyumba yetu ingefungiwa mlango na mdomo wa mwenye nyumba.

Alasiri nilimpeleka kwa Kalyani. Nikamwekea mbegu mapajani, nikamwambia, "Baba Kesavan, zimenye zote, nitakuja kuzipika." Akaitikia vizuri kama mtoto wa shule. Nikaenda hekaluni, nikajifunga kitambaa changu cheupe, nikakaa mahali pangu. Kesavan akaanza ngoma. Ukumbi ukajaa.

Mbele kabisa alikaa Ravunni Kurup, msimamizi wa hekalu. Kurup alikuwa amesemwa na mume wangu miaka ishirini na miwili. Kila mwaka alikaa palepale mbele, mikono kifuani, akameza. Mwaka ule alikuwa amepaka nywele rangi, nyeusi ti, na joto lilikuwa kali, na mimi kutoka jukwaani niliona mchirizi mmoja mweusi umeanza safari nyuma ya sikio. Nikasema moyoni, leo Sridharan hatakosa la kusema.

Halafu nikaona watu wa mlangoni wanasogea kupisha mtu.

Miguu yake iliijua njia hata kama kichwa hakikuijua. Alikuwa amevaa shuka safi, ameipindua ndani nje, kifua wazi, na maganda ya mbegu za fenesi bado yamemganda vidoleni. Watu walimpa heshima, wakamsukumia mbele. Akakaa ubavuni mwa Kurup. Akaweka mkono kwenye goti.

Mimi nikiwa jukwaani siruhusiwi kusema neno la kwangu. Siwezi kuita mtu wala kukohoa kwa maana. Nilimtazama Kesavan, naye alikwisha kuona. Kidole chake kimoja kilikuwa kinapapasa ngozi ya ngoma bila kutoa sauti. Sridharan alipoingia na kugeuka kwenye taa, macho yake yalimfikia mjomba wake, yakakaa hapo muda wa pigo moja la toazi, yakaondoka.

Alianza vizuri. Akamleta mfalme mpaka langoni. Hapo akalivunja shairi na kumgeukia Kurup.

"Mfalme anatazama, langoni amekaa mzee wake yuleyule. Lakini, jamani, alimwacha ana mvi. Leo kichwa cheusi kama kunguru. Anamwuliza, mzee, ujana huu umeutoa wapi? Mzee kanyamaza. Mfalme anasema, basi kauweke kivulini, maana naona umeanza kukutiririka shingoni."

Ukumbi ukalipuka. Kurup akapeleka mkono nyuma ya sikio, akautazama, akaukalia. Shingo ilivimba. Akameza. Mume wangu alikuwa anatabasamu, anamtazama Kurup kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

Kisha mfalme akaingia ndani, na Sridharan akasimama wima, mikono yote miwili akainyanyua usawa wa masikio, mtu aliyeshangazwa na ukimya. Nikagonganisha toazi mara moja. Shairi likaanza.

Ngazi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili nzuri. Mimi nilikuwa nimebana pumzi yangu kana kwamba nitamwazima. Ngazi ya tatu, nikaona tumbo lake, chini kidogo ya mkanda, limeruka. Ameiba. Sidhani kama watu kumi katika ukumbi ule walijua.

"Tena," akasema mume wangu.

Hakulipaza. Ilikuwa ile sauti ya chini ya ngazi ya nne, na ilikwenda ikagonga nguzo ya mwisho ikarudi.

Sijui niwaelezeje ule ukimya. Taa ilikuwa inalia mafuta, nikaisikia. Kurup alikuwa amegeuka nusu, kinywa wazi. Watu mia mbili wakatazama mikono ya Sridharan, iliyokuwa hewani, masikioni, vidole vimebakiza inchi moja kugusa kilemba. Kilichobaki ni kukivua. Mimi nilikwisha kuanza kuona popo.

Na Sridharan akarudi mwanzo.

Nasema alirudi mwanzo wa shairi. Aliniambia baadaye hakufikiri. Aliambiwa tena, na mwili wake tangu una miaka saba haukuwa na jibu lingine kwa neno hilo. Toazi langu lilichelewa, alianza bila mimi. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na tumbo lake limetulia kama jiwe, halafu akashuka ile ya nne, akafika chini kabisa, na pale chini nyumba ya yule mfalme ilikuwa tupu kweli. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia. Nilimtazama mume wangu. Anakuna goti.

Usimulizi ulikwenda mpaka mwisho wa alasiri ile. Hakuna aliyecheka tena, hata mahali pa kucheka. Kila mtu alikuwa anachezacheza, anageuka kumtazama jirani, kama watu waliokaa juu ya siafu.

Tulipoingia chumba cha nyuma ya jukwaa Sridharan hakufuta rangi usoni. Alikuwa anazunguka, kilemba kichwani.

"Nimefanya nini?" akasema. "Kesavan, nimefanya nini?"

"Umeipata ngazi ya nne," akasema Kesavan.

"Nimejibiwa nikaendelea. Kesho kila mtu atanijibu. Nisipovua, desturi imekufa mikononi mwangu. Nikivua, hekalu limetufia."

"Mjomba wako si msikilizaji," nikasema. "Ni mwalimu."

"Alikaa chini na wasikilizaji, mkazamjomba."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Ni Kurup, mchirizi umefika kwenye pindo la shuka lake la begani. Nyuma yake kamshika mkono mume wangu, kama anarudisha mbuzi aliyepotea.

"Mama Kesavan, huyu ni wako," akaniambia. Kisha akamgeukia Sridharan. "Miaka ishirini na miwili. Nimeitwa chura. Nimeitwa mkia wa tembo. Binti yangu siku ya kuposwa, mjomba wako alisema mahari nzuri kuliko zote ni kuahidi kwamba mimi nitabaki kwangu. Nikameza. Nilikuwa na jibu, kijana. Nililala nalo. Ninayo majibu ishirini na mawili ndani ya kifua hiki, na leo mdomo uliofunguka ni wa nani? Wa kwenu. Na kilemba kipo."

Akamsogelea Sridharan.

"Ningesema mimi ungevua?"

"Ningevua," akasema Sridharan.

"Basi?"

Sridharan akaacha kuzunguka. Sharubu la kupanda lilikuwa limechafuka, yote mawili sasa yanashuka. "Basi unanidai neno," akasema. "Sema neno moja, kama alilolisema mjomba. Si leo. Kesho nitasimama mbele yako nikuseme, ninyamaze, nikusubiri. Ukitaka kusema, sema. Nitavua, na sitamlaumu mtu."

"Umepata wazimu," akasema Kesavan.

Kurup akajifuta mchirizi shingoni. "Neno lolote?"

"Lolote."

"Hata 'chura'?"

"Hata 'chura'."

Akaondoka bila kuaga. Nilimvua mume wangu shuka nikamvika tena kwa upande wake wa nje. Akaniuliza kama uji umeiva.

Mpaka kesho yake sikulala wala sikukaa. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umefagiliwa. Sridharan alikaa bwawani, maji kifuani, hakutoa hata sauti. Hekalu zima lilikwisha kupata habari, na alasiri ya nne watu walikuja mpaka wakakaa nje ya kuta kusikiliza kwa masikio.

Kurup alikuja mapema. Nywele zake zilikuwa nyeupe, amezisugua mpaka utosi umekuwa mwekundu. Na pembeni yake alimleta mume wangu, yeye mwenyewe, kaja kumchukua nyumbani. "Akisema leo," aliniambia mlangoni, "nataka niwe karibu."

Alasiri ile mfalme alimkuta mzee wa lango amelala. Sridharan akasogea mpaka ukingo wa jukwaa. "Mfalme anamwuliza, mzee, nyumba yangu ilipokuwa inabebwa, wewe ulikuwa wapi? Mzee kaamka, kakohoa. Ana majibu mengi huyu mzee. Ameyaweka miaka na miaka, yameota mvi pamoja naye. Haya, mzee. Mfalme anakusikiliza."

Akanyamaza. Akasubiri kama alivyoahidi.

Niliweka matoazi mapajani ili yasigusane. Kesavan alifumba macho. Kurup akavuta hewa, kifua kikapanda, midomo ikaachana, na nikaona kabisa neno liko pale, mlangoni pa meno. Nikaona limegeuka, limetoka jingine. Hilo nalo likageuka. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesimama mbele ya mhogo, ndizi na wali, na sahani ni moja. Pale pembeni yake mume wangu akajisogeza na kufungua mdomo, maana kimya kilikuwa kirefu mno kwa mtu wa kazi ile, na sauti yake ya kwanza ilikuwa imeanza kutoka. Kurup akaweka kiganja juu ya goti lake, akakuna. Alikuna palepale anapokuna mwenyewe. Mume wangu akautazama ule mkono, akapendezwa nao, akafunga mdomo.

Naye Kurup akafunga wake.

Sridharan alisubiri pigo moja zaidi. Kisha akasema, "Mzee amelala tena," na ukumbi ukacheka mpaka taa ikayumba, na mimi nikapiga matoazi mahali ambapo hapakuwa na pigo.

Alasiri zote zilizobaki Kurup alikaa mbele, neno lake halijatumika. Na mwaka uliofuata, na uliofuata. Mume wangu alitutoka mwaka wa pili. Siku zile za mwisho hakunijua kabisa, lakini alikuwa akinisikiliza nikiimba jikoni, na nikikosea aliniambia. Sridharan hakumhurumia Kurup hata kidogo, na Kurup alipokutana naye njiani alikuwa akijigonga kifua na kumwambia, "Lipo. Usinichokoze sana." Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba yai.

Kurup alipougua ugonjwa wake wa mwisho tulikwenda kumwona, mimi na Sridharan. Alikuwa amekonda, amelala kwenye kitanda cha kamba barazani. Sridharan akakaa chini karibu na kichwa chake.

"Mzee Kurup," akasema, "hapa hakuna taa, wala sina kilemba. Niambie tu. Siku ile ungesema neno gani?"

Kurup akamtazama. Macho yake yalikuwa yanacheka kabla ya uso. Akainua mkono, akajikuna goti, akageukia ukutani.

Sridharan alitembea njia nzima ya kurudi akijaribu kubahatisha. Mpaka leo, yeye mwenyewe ana mvi, huniletea maneno mlangoni na kuniuliza kama ndilo. Mimi humwambia, "Tena."